Ramani ya Chaki

Ukuta wa kati tumeuvunja Jumatatu.
Fundi Makame alishusha nyundo, mawe ya baba yakateremka
na chokaa yake, na buibui wake, na msumari
ulioshika kalenda ya mwaka aliofariki.
Nyumba ikapumua. Mwanga wa Limbani ukaingia
hata kule tulikokuwa tukienda na kibatari mchana.

Nikapiga magoti na chaki.
Hapa samadari, futi sita kwa nne na nusu.
Hapa kabati la vyombo, lenye kioo kilichopata ufa
siku ya harusi ya Mwanaate, na hapana anayekiri.
Hapa makochi: la watatu, la wawili, la mmoja,
yaliyoshuka na kontena la Dubai, bado yamo katika plastiki,
tumeyaweka kwa Bi Kazija, kuku wameanza kuyatagia.

Futikamba inaruka na kurudi kama ulimi wa kinyonga.
Nafungua mlango wa chaki, naufunga.
Napita kwa ubavu baina ya meza na kochi,
napunguza shubiri, naongeza nyanda mbili, nafuta kwa kanga.
Kitanda kisielekeze miguu kibla.
Friji isikae jua la alasiri.
Kaka Khatibu, yuko Unguja, anasema kwenye simu:
televisheni itundikeni ukuta wa kati.
Ukuta wa kati haupo, namwambia.
Ananyamaza. Anauliza bei ya saruji.

Haya. Nikasimama mlangoni nikaitazama nyumba yangu,
nyeupe juu ya kijivu, kila kitu na mahali pake,
nikajisifu kimoyomoyo
kama aliyefunua sufuria akakuta wali umechambuka.

Ndipo mama akatoka chumbani.

Mama Ruzuna, macho yameingia ukungu
tangu mfungo sita. Daktari wa Chake humwambia, "Tutaona,"
naye humjibu, "Utaona wewe."
Miguu imerowa udhu. Hakuuliza nani yupo.
Akalikanyaga kochi la watatu katikati,
akapita ndani ya meza ya kulia,
akaenda hatua saba, nilizihesabu,
akanyoosha mkono wa kushoto
kuushika ukuta.

Mkono ukabaki hewani.
Vidole vikafunguka, vikafumba,
kama anayemwita paka.
Na bado akaufuata,
akaufuata ukuta usiokuwepo mpaka mwisho wake,
akapinda pale anapopinda miaka arubaini na mbili,
na penye msumari akaepusha bega
asije akaiangusha kalenda.
Akafika dirishani, akakaa.
"Mbona leo pana baridi," akasema.
"Nani kaacha mlango wazi?"

Sikujibu. Makame aliitazama nyundo yake
kama kitu cha kuazima.

Nyayo zilibaki kwenye vumbi la saruji, mbichi,
kisigino kizito, vidole vyepesi,
wa kushoto umechepuka kidogo, ule alioteguka
akinibeba mimi kwenda kupigwa sindano.
Nikazizungushia chaki kabla hazijakauka.
Kisha nikafuta yote mengine.

Sasa ramani ni hii.
Njia ya mama kwanza, upana dhiraa mbili, isiwekwe hata ndoo.
Kabati la vyombo lisogee, lisimame ulipokuwa ukuta,
uso upande wa wageni, mgongo upande wake,
aipapase mbao apite.
Samadari pale pale.
Meza ya kulia, basi. Tulikuwa tukila wapi siku zote?
Mkeka unakunjwa.
Msumari nimemwomba Makame aupigilie mgongoni mwa kabati,
futi tano kutoka chini. Aliupima mara mbili bila kuambiwa.
Kalenda ipo, nimeifuta vumbi. Mwaka ni ule ule.

Kochi la watatu halina mahali.
Nimelipigia hesabu kila pembe, halikai.
Bi Kazija anasema niliache tu, kuku wamelizoea.
Jana mayai sita.